Nikibadili toleo la Node kwa nvm, nikigeuka tu limerudi la zamani. Nani analirudisha?

#1 Mzani wa Mwaloni

Wakuu, habari za jioni.

Nipo Mwanza, Pasiansi, ofisi ndogo ya watu watatu. Tuna mifumo miwili. Wa zamani unasajili magunia ya dagaa kwa mteja wetu wa pale mwaloni Kirumba. Huo unajengwa kwa webpack 4 (kifaa cha kufunga msimbo pamoja) na unataka Node 14, yaani toleo la 14 la programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari. Mpya unataka Node 20. Ukithubutu kuujenga wa zamani kwa 20 unatapika `ERR_OSSL_EVP_UNSUPPORTED` na kufa hapo hapo.

Nikaambiwa weka nvm uwe unabadilisha matoleo ya Node. Nikaweka. Naandika `nvm use 14`, nauliza `node -v`, inanijibu v14.21.3, najenga, safi. Nafungua dirisha jipya la teminali: v20. Narudia. Natoka kunywa chai, nikirudi v20. Juzi nikaweka hadi `nvm alias default 14`, madirisha mengine yakatii, mengine bado v20!

Kichekesho chenyewe sasa: ripoti inayotumwa na cron (inayoendesha kazi zenyewe kwa ratiba) saa nane usiku imekufa siku tatu mfululizo, na logi inasema iliendeshwa na v12. Mimi v12 sijawahi kuiweka tangu nizaliwe.

Dai langu: nvm ina mdudu. Mashine ni Ubuntu 22.04. Nawasilisha.

#2 Furu Mkavu

Hakuna mdudu. `nvm use` inabadilisha dirisha ulilomo tu, basi. Dirisha jipya linaanza na default. Umeweka default 14, umemaliza. Hayo yanayosema v20 uliyafungua kabla hujaweka. Yafunge.

#3 Mtumwa wa Bando

Nimekaa kiti cha mbele. Nina bando la saa moja, changamkeni.

#4 Sangara Kilo Tano

nvm imeandikwa kwa Rust, matoleo ya mwanzo yalikuwa na shida sana. Futa, weka upya, uzi ufungwe.

#5 Bibi Teminali

Sangara, hiyo ya Rust ni fnm, ni mradi mwingine kabisa. nvm ni faili moja refu la bash. Ndiyo maana ukiandika `which nvm` huoni kitu: si programu iliyolala kwenye diski, ni fanksheni iliyopakiwa ndani ya sheli yako, ile programu inayopokea amri zako kwenye teminali.

Na ilibidi iwe hivyo. Tangu Unix toleo la 7, mwaka 1979, kila mchakato unapewa nakala yake ya vigeu vya mazingira pale unapozaliwa. Mtoto anarithi kwa mzazi, ila hawezi kumrithisha mzazi. nvm ingekuwa programu ya kawaida, ingebadilisha PATH yake yenyewe (kigeu chenye orodha ya folda ambamo amri zinatafutwa), ingekufa, na wewe ungebaki na PATH yako ile ile. Kwa hiyo yeyote anayetaka kukubadilishia mazingira ana njia mbili: aishi ndani ya sheli yako kama fanksheni, au akuandikie maneno uyameze mwenyewe kwa `eval`, yaani sheli yako iyatekeleze kama amri. fnm, direnv na wenzao wanatumia hiyo ya pili.

Mleta uzi, tuletee majibu ya `type -a node` kutoka dirisha linalotii na linalogoma. Bila hayo tunapiga ramli.

#6 Mjukuu wa Ukerewe

"Ndani ya sheli yako"... nimesoma mara tatu nikidhani mnaongelea sheli ya mafuta pale Igoma.

#7 Mtumwa wa Bando

@Mjukuu wa Ukerewe hahaha, jaza tangi kabisa uje na PATH.

#8 Jiwe Juu ya Jiwe

Niwaelezee Kimwanza. Zamani ukimwambia boda "nipeleke stendi" alikupeleka Buzuruga. Siku hizi kuna Nyegezi na kuna Nyamhongolo. Usipotaja, anakupeleka ile aliyoizoea yeye. PATH ndiyo hiyo hiyo. Ukisema `node` bila kutaja ipi, unapelekwa ya kwanza.

#9 Furu Mkavu

Mfano mzuri ila umeuweka pasipo pake. Boda aliyezoea stendi moja ni `alias default`. PATH ni orodha: sheli inapita folda moja baada ya nyingine, ikikuta `node` inasimama, haiendi kuangalia za mbele. Ni kama kupanda daladala ya kwanza iliyoandikwa Nyegezi bila kujali ya nyuma yake ina viti.

#10 Jiwe Juu ya Jiwe

Sawa mwalimu.

#11 Mzani wa Mwaloni

Asante Bibi Teminali. Dirisha linalotii:

`/home/mimi/.nvm/versions/node/v14.21.3/bin/node`
`/usr/bin/node`
`/bin/node`

Linalogoma ni lile lile ila mstari wa kwanza ni v20.11.1. @Furu Mkavu, nimefunga madirisha yote nikafungua upya. Yaliyo ndani ya tmux (inayoshika madirisha mengi ya teminali kwa pamoja) yote v20. Ya nje yote v14. Na hizo mbili za chini zimetoka wapi? Nina Node ngapi humu?

#12 Bibi Teminali

Chini ni moja tu. Kwenye Ubuntu ya sasa `/bin` ni kiungo kinachoelekea `/usr/bin`, kwa hiyo unamwona mtu mmoja kwenye vioo viwili. Andika `/usr/bin/node -v`. Nabashiri 12.22.9.

#13 Mzani wa Mwaloni

Duh. v12.22.9 kweli. Dada umejuaje?

#14 Bibi Teminali

Ndiyo Node iliyomo kwenye hazina ya Ubuntu 22.04. Kuna mtu hapo aliandika `apt install npm`, nayo ikaja na ndugu yake nodejs. (Na sijasema mimi ni dada. Jina ni la bibi yangu, ila endelea tu.)

#15 Mzani wa Mwaloni

Samahani kaka. Mashine nilirithi kwa jamaa aliyehamia Dodoma. Atakuwa yeye.

#16 Dada wa Seva

Dada halisi nipo hapa sasa 😄

Ya cron ni rahisi kuliko zote. Cron haifungui teminali, haisomi `.bashrc` yako (faili la maandalizi ya sheli), haijui nvm ni nini. PATH yake ni `/usr/bin:/bin`, imeisha. Ikiulizwa `node` inaokota hiyo v12. Na kama skripti yenu ina alama ya `?.` ndani, v12 haiielewi, ilikuja na 14. Logi inasema `SyntaxError: Unexpected token '.'`, sivyo?

#17 Mzani wa Mwaloni

Neno kwa neno. Sasa nafanyaje?

#18 Sangara Kilo Tano

Weka `source ~/.bashrc` mwanzo wa skripti. Kwisha kazi.

#19 Dada wa Seva

Hapana mkuu, na hii imenila siku mbili mwaka juzi. `.bashrc` ya Ubuntu pale juu kabisa inauliza: je, hii sheli inaongea na mtu? Kama hakuna mtu, inarudi mlangoni bila kusoma chochote chini. Mistari ya nvm ipo mwisho wa faili. Cron haina mtu. Uta-source mpaka asubuhi na hutapata kitu, wala hutaona kosa lolote. Uliikuta inafanya kazi kwa sababu uliijaribu kwa mkono, na wewe ni mtu.

#20 Nimetoka Geita

Mimi nilitengeneza kiungo `/usr/local/bin/node` kinachoelekea v14. Mbona rahisi?

#21 Dada wa Seva

Soma #16 tena. `/usr/local/bin` haimo kwenye PATH ya cron ya mtumiaji. Labda kama kazi yako umeiandika kwenye `/etc/crontab`, ile ina PATH yake ndefu zaidi.

#22 Nimetoka Geita

Ndiyo, ipo `/etc/crontab`. Basi ndiyo maana. Miaka miwili najua ni akili yangu kumbe ni bahati.

#23 Furu Mkavu

@Mzani wa Mwaloni mtajie cron njia nzima, usimwachie abahatishe: `/home/mimi/.nvm/versions/node/v14.21.3/bin/node ripoti.js`. Mbaya kwa macho, lakini utalala.

#24 Mzee wa Kapripointi

Vijana, mnahangaika na Node 14 iliyoisha muda wake Aprili 2023. Haipati marekebisho ya usalama. Badala ya kutafuta kifaa cha kurukia kati ya zamani na mpya, uhamisheni huo mfumo. Au kwa haraka wekeni `NODE_OPTIONS=--openssl-legacy-provider`, utajengeka kwa 20 bila kulalamika. Chanzo cha kosa lenu ni kwamba kuanzia Node 17 walihamia OpenSSL 3 (maktaba ya usimbaji fiche), na webpack 4 inatumia md4 ambayo OpenSSL 3 imeifungia kabatini.

#25 Mzani wa Mwaloni

Shikamoo mzee. Mteja analipa kwa gunia. Nikimwambia nahitaji miezi miwili kuhamisha kitu ambacho kwa macho yake kinafanya kazi, atanionyesha ziwa lilipo.

#26 Bibi Teminali

Mzee wa Kapripointi yuko sahihi kuhusu chanzo, ila angalizo: hiyo NODE_OPTIONS usiiweke kwenye `.bashrc`. Node 14 haiijui, na ikiikuta kwenye mazingira inagoma kuwaka kabisa. Utakuwa umetibu 20 ukaua 14. Iandike mbele ya amri moja tu.

#27 Mzee wa Kapripointi

Marahaba. Nakubali marekebisho. Lakini msimamo wangu uko pale pale, hameni.

#28 Kiboko wa Windows

Mimi nvm yangu ukibadili inabadilika madirisha yote kwa mpigo, hata yaliyokuwa wazi. Nyie wa Linux mnajitafutia kazi.

#29 Furu Mkavu

Hiyo ya Windows ina jina moja na hii ila si nvm hii. Ni mradi mwingine, wa mtu mwingine. Ule una kiungo kimoja kinachoelekezwa toleo unalotaka, kwa hiyo mashine nzima inahama pamoja. Raha, mpaka siku unapotaka kuendesha mifumo miwili kwa wakati mmoja.

#30 Kiboko wa Windows

Siku hiyo haijafika.

#31 Mjukuu wa Ukerewe

Turudi kwenye tmux. Kwa nini ndani v20 na nje v14? Hilo ndilo swali la uzi, naona mmelizunguka kama feri inasubiri gati.

#32 Dada wa Seva

tmux ina seva inayobaki hai nyuma. Seva hiyo ilichukua mazingira ya siku ilipowashwa, na kila dirisha jipya ndani yake linarithi ya seva, halirithi ya kwako ya leo. Mleta uzi aliiwasha akiwa kwenye v20.

Na nvm inapopakiwa kwenye dirisha jipya haikimbilii default moja kwa moja. Kwanza inaangalia kama PATH iliyorithiwa tayari ina Node yake. Ikiikuta, inaiacha. Kwa hiyo default 14 umeweka vizuri kabisa, ila haijawahi kuulizwa.

`tmux kill-server`, uanze upya. Hifadhi kazi zako kwanza.

#33 Sangara Kilo Tano

Kwani ukifanya attach, yaani ukirudi kwenye tmux iliyo hai, haisasishi mazingira?

#34 Dada wa Seva

Inasasisha vichache, kama DISPLAY na SSH_AUTH_SOCK. PATH haimo. Swali zuri hilo, umeamka leo.

#35 Jiwe Juu ya Jiwe

Mimi napinga. Yangu ilifanya vilevile na sijawahi kuweka tmux. Ilikuwa VS Code, kihariri cha msimbo. Ukiifungua asubuhi inabeba mazingira ya wakati ule, na teminali zake zote zinarithi. Kufunga dirisha lake hakutoshi, lazima uizime yote.

#36 Nimetoka Geita

Na mimi napinga wote wawili. Kule kwetu kulikuwa na `.nvmrc` (faili la kuiambia nvm toleo la kutumia) iliyoandikwa 20 kwenye folda ya nyumbani. nvm ikikosa `.nvmrc` kwenye folda uliyomo inapanda juu, folda kwa folda, mpaka iikute. Unaandika `nvm use` bila namba ukidhani iko kwenye mradi, kumbe imeokota ya nyumbani.

#37 Bibi Teminali

Ya Geita ni kweli ila inahitaji mtu aandike `nvm use`. Mleta uzi anasema inajirudia yenyewe. Labda kama kuna mtu ameweka ndoano kwenye `cd`, yaani kila ukihama folda kitu kinaendeshwa chenyewe. @Mzani wa Mwaloni tafuta kwenye `.bashrc` kama kuna fanksheni inayoitwa `cd` au kitu kinachosoma `.nvmrc`.

#38 Mjukuu wa Ukerewe

Ndoano kwenye `cd`. Haya, sasa tumefika ziwani.

#39 Mzani wa Mwaloni

Wakuu mtanicheka. IPO. Jamaa wa Dodoma aliacha fanksheni ya `cd` ya mistari kama kumi. Na kwenye folda ya nyumbani ipo `.nvmrc`, ndani imeandikwa 20. Na tmux ninayo. Na VS Code huwa siizimi, nafunika kifuniko cha mashine naondoka.

Yaani kila aliyenijibu humu amekuta kitu.

#40 Mtumwa wa Bando

😂😂😂 Nimeongeza bando kwa ajili ya huyu.

#41 Fundi Kompyuta Kubwa

Naona mnafikiri haya mambo ni ya Node. Nimefanya kazi na kompyuta kubwa za utafiti, zile zinazotumiwa na watu mamia kwa pamoja, na kule tatizo hili lilishapewa jina. Kuna kifaa kinaitwa Environment Modules. Unaandika `module load` unapata kompaila fulani, `module swap` unaibadilisha na nyingine, `module purge` unabaki mtupu. Kilianzia Texas miaka ya 2000 hivi.

#42 Bibi Teminali

Mkuu, ya Texas ni Lmod, aliyoiandika Robert McLay kwa Lua pale TACC. Environment Modules yenyewe ni kongwe, John Furlani aliiwasilisha mwaka 1991. Na hata humo, `module` ni fanksheni ya sheli inayomeza maneno kwa `eval`. Miaka zaidi ya 30 na mtoto bado hamrithishi mzazi.

#43 Fundi Kompyuta Kubwa

Nimesahihishwa, wabeja. Ila ninachokipenda kule ni kwamba `module list` inakuonyesha ulichokipakia. Huku kwa nvm mnauliza `node -v` kama mnabisha hodi.

#44 Kinara wa Igoma

Tupeni hivyo vyote mtumie Docker. Kila mfumo na kontena lake, hakuna kubadilisha wala kurudishwa.

#45 Mtumwa wa Bando

@Kinara wa Igoma taswira kamili ya node:14 ikishafunguliwa inakaribia gigabaiti moja. Utanilipia wewe?

#46 Kinara wa Igoma

Kuna slim, ile iliyopunguzwa.

#47 Mtumwa wa Bando

Na mimi ni slim, kwa sababu ya bando.

#48 Mjukuu wa Ukerewe

Mimi natumia direnv. Naweka `.envrc` kwenye folda ya mradi, nikiingia inapakia, nikitoka inaondoa. Si Node tu, hata nywila ya hifadhidata ya majaribio na ya kweli zinabadilika zenyewe.

#49 Sangara Kilo Tano

Hatari hiyo. Mtu akikutumia folda yenye `.envrc` mbaya, ukiingia tu umekwisha.

#50 Mjukuu wa Ukerewe

Haisomi mpaka uandike `direnv allow`, na faili likibadilika hata herufi moja inakuuliza upya. Kosa lake ni jingine: haibebi alias wala fanksheni, inabeba vigeu tu. Inaendesha faili kwenye bash ya pembeni, inalinganisha kabla na baada, inakuletea tofauti.

#51 Dada wa Seva

Na mimi nimehamia mise. Inasoma `.tool-versions` ile ile ya asdf, inashika Node, Python, Java, vyote kwa pamoja. Lakini simshauri mleta uzi aongeze kifaa cha tano kwenye hiyo mashine kabla hajajua kipi kinamsumbua. Mkuu, ondoa kimoja kimoja. Leo ndoano tu, tmux iache. Kesho tmux. Tujue mwenye kosa.

#52 Furu Mkavu

Nakubaliana. Naweka sato mmoja mezani, ni tmux.

#53 Nimetoka Geita

Naweka wawili, ni `.nvmrc`.

#54 Jiwe Juu ya Jiwe

VS Code. Sina samaki, naweka viazi.

#55 Mzani wa Mwaloni

Mrejesho. Jana jioni niliondoa ndoano ya `cd`, nikahifadhi faili. Kabla sijafungua hata dirisha moja kujaribu, umeme ukakata. Betri ya hii mashine ni pambo tu, ikazima hapo hapo. Asubuhi nimewasha: nje v14, ndani ya tmux v14, VS Code v14. Ripoti ya usiku haikutoka kwa sababu mashine ilikuwa imezimwa, lakini nimeiendesha kwa mkono kwa njia nzima ya #23, imetoka.

#56 Dada wa Seva

Yaani umeme umezima tmux, umezima VS Code, na ndoano umeiondoa wewe. Vyote usiku mmoja. Sasa tutajuaje?

#57 Furu Mkavu

Mbona wazi? Seva ya tmux ilikufa na umeme, tatizo likafa nayo. Sato wangu nampata.

#58 Nimetoka Geita

Na ndoano je? Iliondolewa kabla ya umeme. Hakuna sato anayetoka hapa.

#59 Jiwe Juu ya Jiwe

VS Code ilizimwa kwa mara ya kwanza tangu iwekwe, kasema mwenyewe #39. Nyie endeleeni kubishana.

#60 Bibi Teminali

Njia ya kujua ipo: arudishe ndoano, awashe tmux akiwa kwenye v20, aone.

#61 Mzani wa Mwaloni

Kaka, mteja anapima magunia muda huu. Sirudishi chochote.

#62 Mzee wa Kapripointi

Mhamie 20.

#63 Binti wa Mkolani

Samahani kuingilia, yangu inafanana ila ni Python. Nina pyenv, nimeweka maktaba kwa pip, amri yake haionekani mpaka nifungue dirisha jipya. Niulize hapa au nifungue uzi wangu?

#64 Furu Mkavu

Jaribu `hash -r` kwanza.

#65 Nimetoka Geita

Hapana, hiyo ni `pyenv rehash`.

#66 Dada wa Seva

Mdogo wangu, fungua uzi wako. Hawa bado wanadaiana samaki.